MZIGO WA MWENZIO SI KANDA LA USUFI



Wazee wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake, mtu anayetazama tu huuona mzigo kuwa mwepesi, kama kanda lililojazwa sufi; ajuaye uzito wake ni yule mwenye kuubeba. Methali hii yatufaa sana sisi tunaofanya kazi ya mizigo na vifurushi katika Migori na Homa Bay. Mwenye kutuma mzigo hauinui. Karani anayeandika risiti hauinui. Mwenye kampuni hauoni kabisa. Lakini yuko mtu mmoja ambaye hana budi kuushika kwa mikono miwili, auinue kutoka chini, autie begani, aupandishe juu ya keria au ausukume ndani ya buti la basi. Na huko uendako yuko mwenziwe anayengoja kuushusha. Maneno ya toleo hili ni juu ya mgongo wa watu hao wawili.

Habari za mishahara husemwa katika kila mkutano, na ni haki zisemwe. Ajali za barabarani nazo husemwa, kwa kuwa zina kishindo, na watu hukusanyika kutazama. Jeraha la kuinua mizigo halisemwi, kwa sababu halitoi damu. Mtu husikia kitu kimekatika kiunoni, husimama kidogo, hushika ukuta, kisha huendelea na kazi maana basi linangoja. Usiku hawezi kugeuka kitandani. Asubuhi amepinda. Akiulizwa, asema, "Ni baridi tu." Baada ya miaka michache hawezi tena kuinua hata ndoo ya maji, naye hana karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alivunjwa na kazi. Hii ndiyo sababu twaandika leo.

KIFURUSHI SI KIFURUSHI TENA

Tuwataje wanaohusika. Wako makuli wa stendi za Migori, Rongo, Awendo na Isebania. Wako wa Homa Bay, Oyugis, Kendu Bay, Ndhiwa na Mbita. Wako mautingo wa malori yapitayo njia kuu ya kutoka Isebania kwenda Kisii na Kisumu. Wako vijana wa afisi za vifurushi na wapeleka mizigo wa pikipiki. Wako pia wale wanaopakia mashua za kwenda Mfangano, ambao hushika mzigo mguu mmoja ukiwa nchi kavu na mwingine majini. Na wako akina mama wanaobeba samaki na omena kutoka ufukweni hata garini, ambao mara nyingi hawahesabiwi kuwa wafanyakazi wa mtu ye yote.

Zamani neno kifurushi lilikuwa na maana yake. Lilikuwa bahasha nene, au sanduku dogo la viatu, au kitabu kilichofungwa kwa kamba. Siku hizi watu hununua vitu kwa simu, na vitu hivyo hufika kwa mabasi ya usiku. Risiti moja yenye neno "kifurushi" yaweza kuwa betri ya lori, injini ya mashua, katoni ya samaki iliyojaa barafu, jokofu, godoro, mashine ya kusagia, au vyuma vya gari vilivyofungwa ndani ya gunia. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Gunia la sukari ni kilo 50. Hayo twayajua kwa sababu yameandikwa juu yake. Lakini sanduku lililozungushiwa utepe halisemi kitu. Mkono ndio mizani, na mgongo ndio hulipa deni mkono ukikosea.

Tena wengi wetu tunajua lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba cha wavu ili lichukue zaidi ya kipimo. Wakulima wa viazi wamelalamika miaka mingi kwamba lumbesa huwaibia. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Neno hilo lilisemwa kwa ajili ya mfuko wa mkulima, nasi twalisifu. Lakini lumbesa haimwibii mkulima peke yake. Humwibia pia yule anayeibeba, maana hulipwa ujira wa gunia moja kwa kubeba gunia moja na nusu.

JINSI MGONGO UNAVYOUMIA

Ni vizuri kila mmoja wetu aelewe jambo hili, maana anayelielewa hadanganyiki kwa urahisi.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu chenye kiini laini. Visahani hivyo ndivyo springi za mwili. Misuli inayousimamisha mgongo imeshika karibu sana na uti huo, kadiri ya sentimita 5. Sasa tufanye hesabu. Ukiushika mzigo wa kilo 20 mbele yako, sentimita 50 mbali na uti wa mgongo, umbali huo ni mara 10 ya ule wa misuli. Basi misuli yako yapaswa kuvuta kwa nguvu ya kilo 200 ili mzigo wa kilo 20 usikuangushe, bila kuhesabu uzito wa kiwiliwili chako mwenyewe. Ukiusogeza mzigo ule ule ukawa sentimita 25, nguvu hiyo yapungua kuwa kilo 100. Kwa hiyo kilo peke yake hazisemi habari yote. Sanduku pana lisilo na mishikio huumiza kuliko gunia zito linalokumbatiwa. Mzigo ulio chini kabisa au ulio juu ya kichwa huumiza kuliko ulio usawa wa kiuno. Kugeuza kiuno huku umebeba ndiyo hatari kubwa kuliko zote, na hilo ndilo tunalofanya kila siku tunapotoa mzigo ndani ya buti na kumpa mtu aliye nyuma yetu.

Jambo la pili ni saa. Mtu akilala usiku visahani vile hunywa maji na kuvimba kidogo. Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuamka mgongo ni mgumu na waweza kuumia upesi. Jambo la tatu ni kukaa. Utingo aliyekaa garini muda mrefu, akitikiswa na barabara, kisha akaruka chini na kuinua gunia mara moja, yuko hatarini kuliko aliyekuwa akitembea. Tazameni sasa kazi yetu ilivyo. Basi la kutoka Nairobi huingia alfajiri. Aliyekuwa amelala ameamshwa, aliyekuwa amekaa ameshuka, na wote wawili huanza kwa mzigo mzito kuliko yote, kwa sababu ndio ulio mlangoni. Hakuna aliyepanga kuwadhuru. Lakini hakuna aliyepanga kuwalinda pia.

Kisahani kikipasuka hubana mshipa wa fahamu, na maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi mguuni. Wengine hupata ngiri, ambayo watu huiita mshipa, kwa kukaza tumbo wakati wa kuinua. Wengine huharibikiwa mabega na magoti. Yafaa kila mmoja akumbuke dalili hizi: mguu ukikosa nguvu, au pakiwa na ganzi kati ya mapaja, au mtu akishindwa kuzuia mkojo au choo baada ya kuumia mgongo, hiyo si kazi ya kukandwa wala ya kungoja kesho. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana akichelewa aweza kubaki kilema. Lakini maumivu ya kawaida ya mgongo hayaponi kwa kulala wiki nzima. Huhitaji kutembea taratibu na kazi nyepesi kwa muda, na kazi nyepesi ni lazima itolewe na mwajiri.

KILO NGAPI?

Wengi huuliza, "Sheria yasema kilo ngapi?" Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yakataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mfanyakazi kuinua au kuchukua kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumdhuru mwilini. Hayo ni maneno mazuri. Lakini mwajiri husema, "Mzigo huu haudhuru, mbona jana uliinuliwa?" Na mfanyakazi hana la kujibu, kwa maana neno "kudhuru" halina mizani.

Tutazame basi wengine wanasemaje. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 1967 Mkataba wa 127 juu ya uzito wa mizigo, na pamoja nao Pendekezo la 128, linalosema kwamba mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na kwamba wanawake wabebe kidogo zaidi kuliko hizo. Tangu wakati huo wataalamu wamechunguza zaidi na hesabu imeshuka. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, hutumia kilo 23 kama kikomo mahali ambapo kila kitu ni chema: mzigo uko karibu na mwili, una mishikio, haugeuzwi, wala hauinuliwi mara nyingi. Mambo hayo yakipungua, na kilo hupungua. Huko Uingereza wakaguzi hutumia kama mwongozo kilo 25 kwa mwanamume na kilo 16 kwa mwanamke, mzigo ukiwa usawa wa kiuno na karibu na mwili. Linganisha na mfuko mmoja wa saruji uliolala chini. Mgongo wa mtu wa Uriri umeumbwa kama wa mtu wa London, wala hauna pingili za ziada.

Pale sheria inaposema neno bila hesabu, ni kazi ya chama kuitia hesabu kwa mapatano. Wenzetu wengine wamelifanya jambo hilo. Mwezi wa Februari 1994 kampuni ya vifurushi ya UPS huko Marekani ilipandisha kikomo cha kifurushi kimoja kutoka ratili 70 hadi ratili 150, yaani kutoka karibu kilo 32 hadi kilo 68. Chama cha Teamsters kikaitisha mgomo tarehe 7 Februari. Ulidumu siku moja tu. Kampuni ikakubali kwamba mfanyakazi asilazimishwe kuinua kifurushi cha zaidi ya ratili 70 peke yake, bila mwenziwe wa kumsaidia au chombo cha kuinulia. Tuangalie vizuri walichopata. Hawakuzuia mizigo mizito isisafiri, biashara iliendelea. Walichozuia ni mtu mmoja kuachwa peke yake nayo.

NENO LA MWAJIRI, NA NENO LETU SISI WENYEWE

Waajiri wana majibu yao, nasi hatuna budi kuyasikia. La kwanza husema, "Nikikataa mzigo mzito, mteja atakwenda kwa jirani." Hilo ni kweli kama kampuni moja itabanwa na nyingine zikaachwa. Kwa hiyo chama hakitaki kubana kampuni moja. Twataka mapatano ya namna moja katika stendi nzima, ili asiwepo wa kupata faida kwa kuvunja migongo ya watu. La pili husema, "Nimewanunulia mikanda ya mgongo." Twashukuru, lakini NIOSH walikwisha kuichunguza mikanda hiyo, na mwaka 1994 wakasema kwamba hakuna ushahidi kuwa humkinga mtu mzima asiumie. Mkanda haupunguzi hata kilo moja. La tatu husema, "Tutawafundisha kukunja magoti." Mafunzo ni mema, lakini uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba mafunzo peke yake hayapunguzi majeruhi. Mtu aliyefundishwa vizuri, akiingizwa ndani ya buti lenye nafasi ya kutambaa tu, atakunjia wapi magoti? Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini ni nani aliyeuweka mzigo mvunguni?

Sasa neno letu wenyewe, nalo ni gumu zaidi. Wengi wetu hulipwa kwa mzigo, si kwa mwezi. Mzigo mzito hulipa zaidi, na mteja huongeza kitu kidogo mkononi. Kijana akiambiwa abebe na mwenziwe, huona kwamba anaambiwa agawe chakula chake. Hatuwezi kumlaumu, maana ana karo ya kulipa. Chama kikienda kwa mwajiri na kudai watu wawili kwa mzigo mmoja bila kusema habari ya ujira, wanachama wenyewe watakuwa wa kwanza kuvunja mapatano hayo, tena usiku, pasipo kuonekana.

Kwa hiyo twasema wazi: kubeba wawili kusiwe kugawana ujira wa mmoja. Mteja anayetuma jokofu hulipa zaidi ya anayetuma bahasha. Nauli ya mzigo mzito tayari ni kubwa. Ndani ya nauli hiyo umo ujira wa mtu wa pili, ila kwa sasa haumfikii. Mapatano yo yote yasiyoweka jambo hili ni karatasi tupu.

Na liko jambo la majivuno. Wako wanaowacheka wenzao: "Huyu mwanamume gani, ameita msaada kwa gunia moja?" Tuyaache maneno hayo. Katika stendi zetu wako wazee waliosifiwa kwa nguvu walipokuwa vijana, na leo huinuka kitini kwa kushika meza. Sifa zile hazikuwalipia hata dawa. Mwenye kumcheka anayeomba msaada anamfanyia mwajiri kazi ya bure.

UKIUMIA, FANYA HIVI

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kwa jina la WIBA, ilichukua mahali pa sheria ya zamani ya fidia, Sura ya 236. Palikuwa na kesi ndefu juu yake, na mwezi wa Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakata shauri kwamba sheria hii yapatana na Katiba. Maana yake kwetu ni kwamba madai ya jeraha la kazini huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani. Jihadharini na madalali wanaowaambia vingine.

Mambo makubwa ya sheria hiyo ni haya. Mwajiri yampasa awe na bima ya wafanyakazi wake. Akipata habari ya ajali, yampasa aipeleke kwa Mkurugenzi katika siku 7. Matibabu yatokanayo na jeraha hilo ni juu ya mwajiri, pamoja na gharama ya kumpeleka mgonjwa. Asiyeweza kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi astahili malipo ya muda kwa kipimo cha mapato yake, yasiyozidi miezi 12. Akibaki na ulemavu wa kudumu, fidia huhesabiwa juu ya mapato ya miezi 96 kwa kadiri ya ulemavu. Kwa mfano, mwenye kupata shilingi 15,000 kwa mwezi, miezi 96 ni shilingi 1,440,000. Daktari akimpimia ulemavu wa asilimia 10, fidia ni shilingi 144,000. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi aweza kupinga katika siku 60.

Lakini mlango huu una kufuli, na ufunguo wake ni taarifa. Jeraha lisipojulishwa kwa mwajiri katika miezi 12, haki hupotea. Mtu aliyekatika mkono hahitaji shahidi. Mtu aliyeumia mgongo amhitaji sana. Basi ye yote atakayesikia maumivu wakati wa kuinua mzigo na afanye haya:

1. Amwambie msimamizi siku hiyo hiyo, mbele ya mfanyakazi mwingine.

2. Aandike, au aandikiwe na mwenziwe, tarehe, saa, mahali, ulikuwa mzigo gani na namba ya risiti yake. Ujumbe wa simu nao ni maandishi, asiufute.

3. Aende hospitali, na amwambie daktari waziwazi kwamba ameumia akiinua mzigo kazini. Daktari huandika anachoambiwa. Ukisema "mgongo waniuma tu," ndivyo itakavyoandikwa.

4. Adai fomu ya ajali ijazwe na mwajiri, naye abaki na nakala.

5. Amjulishe mjumbe wa chama kabla ya kutia sahihi karatasi yo yote ya "kumaliza mambo nyumbani."

Na neno moja juu ya kadi ya matibabu. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua mahali pa NHIF, wako wasimamizi wanaomwambia majeruhi, "Tumia kadi yako, ndiyo kazi yake." Bima ile hukatwa mshahara wako kwa ajili ya maradhi yako na ya jamaa yako. Jeraha la kazini ni deni la mwajiri. Mtu akizidiwa na atibiwe kwanza kwa njia yo yote iliyopo, lakini asikubali gharama hiyo ihamishwe kwake kimya kimya.

KIBARUA NI MFANYAKAZI

Waajiri wengine watasema, "Hao si watu wangu, ni vibarua wa stendi." Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo zikijumlishwa ni sawa na mwezi mmoja au zaidi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku, kazi yake yageuka kuwa ya mkataba. Kijana anayefungua mlango wa afisi kila alfajiri, anayevaa koti lenye jina la kampuni, anayetumwa na karani wa kampuni na kulipwa kutoka sanduku la kampuni, huyo ni wa nani? Tunawaomba wanachama wanaolipwa kwa siku waweke daftari ndogo: tarehe, kazi, malipo, jina la aliyelipa. Daftari ya shilingi chache yaweza siku moja kuwa na thamani kuliko wakili.

Tunajua wako ambao kwa kweli hawana mwajiri mmoja: mwenye mkokoteni, mpeleka mizigo wa pikipiki, mama wa omena. Kwa hao WIBA haitoshi, wala hatutawadanganya kwamba yatosha. Njia yao ni kujiunga wao kwa wao na pamoja nasi, wakapatana nauli za mizigo na kikomo cha mzigo katika stendi na fukwe zao. Asiye na mwajiri ana haja ya umoja kuliko mwenye mwajiri.

MADAI YETU

Halmashauri yaombwa ipeleke mambo haya kwa waajiri wote wa mizigo katika kaunti zetu mbili, na matawi yayazungumze kabla ya hapo:

1. Kila afisi ya vifurushi iwe na mizani, na uzito uandikwe kwa tarakimu kubwa juu ya kila mzigo, na mzigo mzito utiwe alama inayoonekana usiku.

2. Mzigo wa zaidi ya kilo 25 usiinuliwe na mtu mmoja. Wa zaidi ya kilo 50 usiinuliwe kwa mikono bila chombo au watu wa kutosha.

3. Mtu wa pili alipwe ujira wake kamili kutoka katika nauli ya mzigo huo.

4. Pawe na toroli na ubao wa kuteremshia katika kila stendi inayopokea mabasi ya usiku, na jukwaa lililo usawa wa buti pale inapowezekana.

5. Mizigo mizito ipakiwe usawa wa kiuno, isiwekwe juu ya keria wala chini kabisa.

6. Pawe na daftari ya majeraha ambamo maumivu ya mgongo huandikwa hata kama mtu hakulala hospitali.

7. Pale penye wafanyakazi 20 au zaidi, iundwe kamati ya usalama na afya, kama sheria ya mwaka 2007 inavyoamuru, na wajumbe wa wafanyakazi wachaguliwe na wafanyakazi wenyewe.

8. Aliyeumia apewe kazi nyepesi, asifukuzwe.

Hakuna hata moja katika hayo linalohitaji mashine kutoka ng'ambo. Toroli hutengenezwa na fundi wa kuchomelea wa hapa hapa Migori au Homa Bay. Mizani ipo katika kila duka la mahindi. Mwajiri akisema kwamba ni ghali, na tumwulize kwa adabu: je, mgongo wa mtu ni bei gani, na kwa nini mpaka leo umekuwa ukitolewa bure?

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya hali njema za kazi, haki ya kuingia chama, na haki ya kugoma. Hatuanzi kwa mgomo. Twaanza kwa barua, kisha kwa mazungumzo, na twaomba majibu. Lakini mwajiri na ajue kwamba barua hii ina watu nyuma yake.

Nchi hii yetu ya ziwa si ngeni kwa habari ya vyama. Kisiwani Rusinga, katika Kaunti ya Homa Bay, ndipo lilipo kaburi la Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi tangu mwaka 1953. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwezi wa Machi 1955, yeye ndiye aliyekwenda kusema kwa ajili yao, na wakapata nyongeza ya karibu theluthi ya mshahara. Wale walikuwa wabeba mizigo kama sisi. Hawakuipata kwa kuwa kila mmoja alikuwa na nguvu za kubeba magunia mawili. Waliipata kwa sababu siku ile hakuna hata mmoja aliyekubali kubeba peke yake.

Basi kila tawi lisome maneno haya kwa sauti katika mkutano wake ujao, maana si wote wenye nafasi ya kusoma. Mjumbe aandike majina ya walioumia na tarehe, hata za zamani, azilete kwa Katibu. Na usiku wa leo basi litakapoingia, ukimwona mwenzio ameinamia mzigo unaomshinda, usingoje akuite. Shika upande wa pili.

UMOJA NI NGUVU.